Mshiriki wa Tano

Saa nne kamili asubuhi, mjini Tartu.
Theluji imeacha kuanguka, na kompyuta yangu inabisha hodi.
Ülo Raudsik, miaka sitini na minane,
fundi wa matrekta aliyestaafu, kisiwa cha Hiiumaa:
kwanza paji la uso, kisha dari,
kisha kidole gumba kikubwa kimeziba kamera.
"Unaniona?"
Nakuona, nasema. Naona kidole.

Namsomea maneno niliyowasomea wanne waliomtangulia:
hatukupimi wewe, tunaipima programu.
Hakuna jibu la kukosa. Fikiri kwa sauti.
Anacheka. "Hilo mke wangu alinikataza miaka thelathini."

Anashiriki skrini, na mlango wa nyumba unafunguka:
mafaili mia mbili yametapakaa kama nati sakafuni mwa gereji,
picha ya mbwa, bili ya umeme,
na katikati, peke yake, faili liitwalo USIFUTE.
Nageuza macho, kama mgeni aliyeingia
akakuta kitanda hakijatandikwa.

Kazi ya kwanza: agiza dawa yako ya presha, ile ya kila mwezi.
Haya.
Kishale kinatoka. Kinazunguka kama inzi kwenye kioo cha dirisha,
kinagusa nembo, kinagusa picha ya daktari anayetabasamu
("huyu simjui"), kinashuka, kinapanda,
kinafika juu ya kitufe cha buluu
na kusimama.

WASILISHA, kitufe kinasema.

"Niwasilishe nini?" anauliza. "Kwa nani?
Wanaowasilisha ni mawakili. Mimi nataka vidonge."

Nami najua. Ni hapo hapo, baba, bonyeza.
Neno liko kwenye ncha ya ulimi
na mshahara wangu ni wa kulimeza.
Nimezima kipaza sauti asinisikie nikipumua.
Sekunde arobaini. Hamsini.
Ni kumtazama mtu akitafuta miwani
iliyo juu ya kichwa chake mwenyewe,
nawe umeshika kalamu, unaandika: anatafuta.

Dakika ya nne anautoa mkono kwenye kipanya.
"Samahani, binti. Kosa ni langu.
Mimi na mambo haya..."
Mtu aliyefufua injini zilizokwisha kuliwa na kutu,
aliyeweza kusikia gia mbovu kwa bisibisi aliyoiegemeza sikioni,
ananiomba radhi mimi
kwa neno moja tulilolichagua sisi,
Jumanne, kabla ya chakula cha mchana,
kwa kuwa lilienea vizuri kitufeni.

Ijumaa, mkutano. Wanataka tarakimu.
Wanne kati ya watano, nasema. Nyuso zinachangamka.
"Asilimia themanini! Na huyo mmoja," anasema Tarvo, "ni mzee tu."
Sibishani.
Nawawekea kipande cha dakika nne na sekunde kumi na mbili,
nakiacha kicheze chote, na kimya chake chote.
Mtu anakohoa. Kiti kinalia.
"Si umwambie abonyeze!" Kadri ananong'ona,
amesahau kwamba yule yuko wiki iliyopita.
Kisha: kosa ni langu.
Meelis, aliyekichora kitufe, anavua miwani
na kuifuta kwa shati,
anaifuta muda mrefu kuliko uchafu wake.

Sasa kinasema TUMA KWA DAKTARI.
Ni kirefu. Kimeuvuruga ukurasa mzima.

Leo imefika barua pepe kutoka Hiiumaa,
herufi kubwa tupu, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya shamba:
ASANTE KWA VOCHA YA YURO ISHIRINI.
KUNA KITUFE KIMEANDIKWA KOMBOA.
NIMKOMBOE NANI?